Pongezi kwa Kengele Zisizolia: Barua ya Wazi kwa Wasimamizi wa Majengo ya Umma

Kwa: Wasimamizi wa Majengo ya Umma,
Popote lilipo ghorofa lenye lifti, mapokezi na kalenda ya mwaka juzi.

YAH: UTAMBUZI NA UWEKAJI WA KUMBUKUMBU ZA MIFUMO YA KENGELE ZA MOTO

Mfumo wa kengele ya moto katika jengo la umma una sehemu kuu nne: vitambuzi vya darini, visanduku vyekundu vya ukutani, paneli inayouongoza mfumo mzima, na ving'ora. Zote nne huonekana kwa macho matupu, bila ngazi, bila fundi na bila kibali cha maandishi. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini methali hiyo ilitungwa kabla ya dari za jipsamu, na wasimamizi wanaopita chini ya vifaa hivyo kila asubuhi wamefanikiwa kwa miaka mingi kutoviona. Mafanikio hayo yanastahili kuwekwa kwenye kumbukumbu, kifaa kwa kifaa.

Mfumo wenyewe si jambo geni lililokuja jana kwenye kontena. Mji wa Boston, Marekani, uliwasha mtandao wake wa kengele za moto za telegrafu mwaka 1852, kazi ya William Channing na Moses Farmer: visanduku viliwekwa mitaani, na aliyeona moto alipeleka habari kituoni kwa waya. Mwaka 1890 Francis Upton, msaidizi wa Thomas Edison, alipata hataza ya kengele ya moto ya umeme pamoja na Fernando Dibble. Katika miaka ya 1930 mwanafizikia wa Uswisi, Walter Jaeger, alijaribu kutengeneza kifaa cha kunusa gesi ya sumu. Gesi haikukishtua kifaa. Moshi wa sigara yake ndio uliokishtua. Kwa hiyo mwanzo wa kitambuzi cha moshi ni mtu aliyevuta sigara mahali pa kazi, na zipo ofisi zinazoendelea kuutunza urithi huo kwenye ngazi za dharura.

Vitambuzi ndivyo vya kwanza kuorodheshwa kwa sababu ndivyo vingi zaidi. Vipo vya moshi na vipo vya joto. Ndani ya kitambuzi cha moshi kinachotumika zaidi siku hizi mna chumba kidogo chenye giza, taa ndogo, na jicho la umeme lililogeuzwa pembeni lisiione taa hiyo. Moshi ukiingia, chembe zake huutawanya mwanga, mwanga hulifikia jicho, na habari hupelekwa kwenye paneli. Kitambuzi cha joto hungoja joto lipande, hivyo hufaa jikoni na kwenye chumba cha jenereta, ambako moshi na mvuke ni mambo ya kila siku. Kiwango cha Uingereza, BS 5839, kinataka chini ya dari bapa pasiwe na sehemu iliyo mbali zaidi ya mita 7.5 kutoka kitambuzi cha moshi, au mita 5.3 kutoka kitambuzi cha joto. Kifaa kizima mara nyingi huwa na kitaa kinachomweka kila baada ya muda, ishara kwamba kiko kazini.

Hiyo ndiyo nadharia. Darini hupatikana aina nne zaidi ambazo vitabu vya viwango havijazitaja. Ya kwanza ni kitambuzi chenye kofia. Fundi hukivalisha kifaa kipya kofia ya plastiki, mara nyingi nyekundu au ya rangi ya chungwa, ili vumbi la ujenzi lisiingie, kisha huivua siku ya kukabidhi jengo. Wasimamizi wameona mbali zaidi ya fundi: kifaa kisichovuliwa kofia hakichafuki, hakichakai, wala hakimsumbui mtu. Utepe umekatwa, hotuba zimesomwa, jiwe la uzinduzi limeanza kufifia maandishi, na kofia bado ziko kichwani.

Ya pili ni kitambuzi kilichopakwa rangi. Aina hii huzaliana katika wiki inayotangulia ziara ya kiongozi. Mpaka rangi hulipwa kwa mita ya mraba, na kitambuzi ni sehemu ya mita ya mraba. Matundu ya kuingizia moshi huzibwa kwa rangi ya maziwa, na dari hupendeza. Ya tatu ni kikalio kitupu. Kichwa cha kitambuzi kiling'olewa siku kilipopiga kelele, kikatiwa kwenye droo pamoja na funguo zisizojulikana milango yake. Ya nne ni kitambuzi kilichofungwa mfuko wa nailoni kwa mpira, hasa jirani na mahali panapochemshiwa chai. Mifuko hiyo ilipigwa marufuku Tanzania Bara tangu Juni 1, 2019, lakini inaonekana marufuku hiyo iliishia kwenye usawa wa meza.

Kisanduku chekundu cha ukutani ni kwa ajili ya mtu aliyeona moto kabla mashine haijauona. Hubonyezwa au huvunjwa kioo chake, na kengele hulia papo hapo. Kiwango hichohicho cha Uingereza kinakiweka kwenye kimo cha takriban mita 1.4 kutoka sakafuni, kwenye njia za kutokea, na kinataka kwa kawaida asiwepo mtu wa kutembea zaidi ya mita 45 kukifikia. Katika utafutaji wa kisanduku hiki, macho hayatoshi. Huhitajika pia mikono ya kusogeza vitu. Makazi yake ya kawaida ni nyuma ya friji ya soda, nyuma ya bango la kukaribisha wageni wa kongamano lililokwisha, au nyuma ya ua la plastiki lililotunzwa vizuri kuliko kisanduku chenyewe. Kikiwa wazi, huwa kimebandikwa karatasi yenye neno USIGUSE, nalo ndilo agizo pekee la usalama ambalo wafanyakazi wote wa jengo hulitii bila semina.

Paneli ndiyo inayopokea habari kutoka kwa vitambuzi na visanduku na kuamuru ving'ora vilie. Lugha yake ni ya rangi tatu: kijani, umeme upo; njano, pana hitilafu; nyekundu, pana moto. Katika mfumo wa kawaida paneli hutaja ukanda tu, kwa mfano ghorofa ya tatu upande wa mashariki. Katika mfumo wa anwani hutaja kifaa kilekile kilichoshtuka. Mahali pake ni karibu na mlango wanaoingilia zimamoto, na kando yake huwekwa mchoro wa kanda za jengo. Paneli nyingi zimehamia kwenye chumba kilichofungwa, ufunguo ukiwa kwa ofisa aliye likizo. Mchoro, ukiwepo, huielekeza zimamoto kwenye Chumba cha Wapiga Chapa, idara iliyofutwa zama za kompyuta za kwanza.

Taa ya njano ndiyo yenye mengi ya kuandikwa. Huwaka waya ukikatika, kichwa cha kitambuzi kikiondolewa, au betri ikifa. Kwa maneno mengine, kila kofia ikivuliwa pamoja na kichwa chake na kutiwa kwenye droo, paneli hujua na husema. Hiyo taa ni kama karani anayeandika ripoti ya kweli kila siku bila posho wala safari, na hushughulikiwa kama karani wa namna hiyo: kikengele chake cha kuonya hunyamazishwa kwa kitufe, kitufe kisipokubali huzibwa kwa selotepu, na mwanga uliobaki humsaidia mlinzi wa usiku kuona mahali pa kuweka chupa ya chai.

Betri nazo zina hesabu yake. Hesabu ya kawaida ni kwamba umeme ukikatika, betri ziuweke mfumo macho kwa saa 24 na bado zibaki na nguvu ya kuvipigisha ving'ora nusu saa. Betri hizo kwa kawaida ni za risasi na tindikali, nazo huchakaa upesi zaidi mahali penye joto, hata zisipotumika. Katika miji inayojua maana ya mgao wa umeme, mtu angetegemea betri iwe kitu cha kwanza kubadilishwa. Wasimamizi wamechagua njia ya imani: jenereta la jengo huwasha lifti na viyoyozi, na moto unaombwa usubiri umeme urudi.

Ving'ora hupimwa kwa sikio. Sauti inayotakiwa kwa jumla ni desibeli 65, au desibeli 5 juu ya kelele za mahali hapo. Wanapolala watu, desibeli 75 kwenye mto wa kitanda. Asiyesikia huhitaji taa ya kumweka. Mlio wa kimataifa wa kuamuru watu watoke, uliowekwa katika kiwango cha ISO 8201, ni milio mitatu mifupi, kimya kidogo, kisha mitatu tena. Mwitikio wa jengo la umma nao una utaratibu: wafanyakazi hutazamana, mwenye cheo kikubwa asiponyanyuka hanyanyuki mtu, mlinzi huinyamazisha kengele kwanza na kuuliza ilikuwa nini baadaye. Kengele iliyolia bure mara nyingi kwa sababu ya vumbi na mvuke imeshawafundisha watu wote somo moja, nao wamefaulu.

Jambo la mwisho la kuchunguzwa halionekani ukutani: kengele ikilia, nani aliye nje ya jengo anajua? Tarehe 1 Desemba 1958 shule ya Our Lady of the Angels mjini Chicago iliungua, wakafa wanafunzi 92 na watawa 3. Kengele ya shule ilikuwepo, lakini haikuunganishwa na zimamoto, na swichi zake zilikuwa juu mno, karibu mita 1.8, bila alama yoyote. Jengo hilo lilikuwa limepita ukaguzi wa usalama wa moto majuma machache tu kabla. Huku Tanzania, Soko Kuu la Kariakoo liliungua usiku wa Jumamosi, Julai 10, 2021, saa ambazo soko huwa limefungwa. Jengo lililofungwa usiku halina wa kumwamsha. Kengele inayolia ndani kwa ndani huwafaa panya, na panya hawana simu ya kupiga 114, namba ya zimamoto.

Hapo ndipo thamani ya cheti cha ukaguzi inapojulikana. Nchini Tanzania Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya mwaka 2007 inalipa Jeshi hilo mamlaka ya kukagua majengo na kutoa vyeti, na nchini Kenya kanuni za mwaka 2007 za kupunguza hatari ya moto sehemu za kazi zinadai zoezi la kutoka nje angalau mara moja kwa mwaka. Ukaguzi huthibitisha hali ya siku ya ukaguzi. Siku 364 zinazobaki ni mali ya msimamizi. Msimamizi mwenye busara hukitia cheti ndani ya fremu na kukitundika mapokezi kwa kimo cha mita 1.4, mahali palipokuwa panafaa kisanduku chekundu.

Kazi ya kuvitazama vifaa hivi ina wapenzi wake. Marekani wapo watu, wengi wao vijana, ambao burudani yao ni kupiga picha kengele za moto za shule, maduka na hoteli, kuzitaja kwa jina la mtengenezaji, Simplex au Wheelock, zikiwa bado upande wa pili wa ukumbi, kurekodi milio yake siku ya majaribio, na kukusanya za zamani hadi kuunda mifumo midogo nyumbani. Hawalipwi na hawakutumwa. Hapa kwetu burudani hiyo hukutana na kanuni isiyoandikwa kwamba kupiga picha dari ya jengo la umma ni hatari kwa usalama. Mlinzi ambaye hakufundishwa kuisoma paneli amefundishwa vema kuizuia simu. Moto ndio unaoruhusiwa kuingia bila kujiandikisha getini.

Kwa kuwa wananchi hawaruhusiwi kupiga picha, wasimamizi waandike wenyewe. Daftari la mfumo halihitaji mshauri mwelekezi wala kikao cha siku tatu hotelini. Linahitaji idadi ya vitambuzi kwa kila ghorofa na hali ya kila kimoja, ikiwemo kofia, rangi na mfuko. Tarehe ya majaribio, kwa kuwa kiwango cha Uingereza kilichotajwa hutaka kisanduku kimoja kijaribiwe kila wiki, kwa zamu, hadi vyote vifikiwe. Kila kengele iliyolia, na sababu yake. Mwaka wa betri. Jina la anayeshika ufunguo wa paneli na la atakayeushika akiwa likizo. Na namba inayopigiwa simu, pamoja na cheo cha anayepiga. Daftari hilo likae kando ya paneli, lisomwe na yeyote, na lipigwe picha na yeyote.

Msimamizi atakayeona gharama ni kubwa anaweza kuanza na kofia. Kuzivua hakuhitaji zabuni.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mtumiaji wa Ngazi, Ghorofa ya Saba

Nakala kwa:
Mpaka rangi wa jengo.
Ofisa mwenye ufunguo, akirudi likizo.
Mlinzi wa zamu ya usiku, kwa utekelezaji.