Kila Siku Navuka Wupper

Mpwa wangu yuko Wuppertal, Ujerumani, kwa mambo ya kanisa, maana misheni ya pale Barmen na Walutheri wa kwetu Kagera ni ndugu wa siku nyingi. Aliponialika alinitajia kila kitu: treni inayoning'inia, mto, baridi kidogo. Ngazi hakuzitaja. Mji umejengwa bondeni, viwanda chini, watu juu, na katikati kuna ngazi za umma zaidi ya 400. Yeye anakaa juu. Duka la mkate liko chini.

Kule Elberfeld, sehemu ya mji huu, kuna ngazi wanayoiita Tippen-Tappen-Tönchen, kwa mlio wa viatu vya mbao vya watu wa zamani waliokuwa wakishuka. Jina tamu, utadhani mchezo wa watoto. Kushuka nilishuka vizuri tu. Kupanda, nilisimama mara nne nikijifanya natazama mandhari. Mandhari yenyewe ilikuwa ukuta. Bibi mmoja mwenye kigari cha kununulia vitu akanipita, akanisalimu, akapotelea juu. Aspirini nayo ilitengenezwa hapa hapa Elberfeld, mwaka 1897, katika maabara ya Bayer. Wao wanasema ni matunda ya utafiti. Mimi nasema ni ngazi.

Halafu mvua. Mimi ni mtu wa Bukoba, mvua hainitishi. Lakini ya kwetu ina adabu: inapiga hodi kwa radi, inamwagika, inakwisha, watu wanaanika kahawa yao juani. Ya huku ni rasharasha isiyo na mwanzo wala mwisho, hujui ufungue mwavuli au uende nayo hivyo hivyo. Wenyeji wana utani kwamba mtoto wa Wuppertal huzaliwa na mwavuli mkononi. Wakiusema wanacheka mpaka machozi. Nilipousema mimi, meza nzima ikanyamaza.

Hapo ndipo nilipoing'amua sheria ya mji huu: kuuponda ni haki ya mwenyeji, mgeni kazi yake ni kusifia. Na hata mwenyeji asidhani atasamehewa upesi. Friedrich Engels, yule mwanafikra wa ukomunisti, alizaliwa Barmen mwaka 1820, mtoto wa mwenye kiwanda. Akiwa kijana wa miaka 18, mwaka 1839, aliandika gazetini, bila kutaja jina lake, jinsi mto Wupper ulivyokuwa mwekundu kwa rangi za viwanda vya nguo. Leo anayo sanamu kubwa ya shaba mjini, zawadi ya Wachina, iliyosimamishwa 2014. Kwa hiyo msamaha upo, ila unataka subira ya miaka 175.

Mimi sina miaka hiyo. Jirani wa mpwa wangu, mzee mstaafu, kila asubuhi hulalamika: manispaa haina hela, maduka yanafungwa, treni ndiyo usiseme. Na kwa treni ana hoja, maana iliwahi kusimama kuanzia Novemba 2018 hadi Agosti 2019, watu wakahangaika na mabasi. Basi siku moja, kwa ujirani mwema, nikamuunga mkono: "Kweli mzee, treni yenu inayumba kama ngalawa." Akaniangalia kana kwamba nimemtukania mkewe. Nikala somo la nusu saa. Ilianza 1901, ina urefu wa kilomita 13 na ushei, vituo 20, na Kaiser Wilhelm II aliipanda hata kabla haijafunguliwa kwa umma.

Kisha akamleta Tuffi. Tuffi alikuwa mtoto wa tembo wa sarakasi, ambaye mwaka 1950 walimpandisha kwenye treni hiyo kwa ajili ya matangazo. Akapagawa, akavunja ubavu wa behewa, akatumbukia mtoni. Alitoka na michubuko tu. Picha ya tembo akiwa hewani inauzwa kwenye kadi za posta, na ni ya kuunganisha, hakuna aliyewahi kumpiga picha akianguka. Mimi natoka nchi ya tembo, na sijawahi kusikia wa kwetu akikatiwa tiketi. Hilo sikulisema. Nilikuwa nimeshajifunza.

Nilichokuwa sijajifunza ni lugha. Dada wa duka la mkate aliniuliza naendeleaje, nami kwa Kijerumani changu cha kitabuni nikamjibu kwa fahari kwamba kila siku navuka Wupper. Akanishika mkono, akaniongezea mkate mdogo bure. Jioni mpwa wangu alicheka mpaka akakaa chini. "Mjomba, huku mtu akivuka Wupper ujue amekufa, au amefilisika!"

Sikurudi kumsahihisha yule dada. Na wewe msomaji, ukialikwa Wuppertal, kabla ya kuulizia baridi, uliza mwenyeji wako anakaa juu au chini.