Mtutu wa Lita Ngapi?

Mafundi wa gobori Marekani hukesha wakichagua mtutu: urefu, upana wa tundu, mifereji ya kuizungusha risasi, uzito usiochosha bega. Ukambani, Kenya, kuna sifa moja wanayoisahau: unabeba maji kiasi gani?

Mwaka 1851, karibu na mto Tana, wanyang'anyi walimuua Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa Kitui. Mgeni wake, mmishonari Mjerumani Johann Ludwig Krapf, akatimua mbio na bunduki yake. Mtoni aliijaza mitutu maji, akaiziba midomo kwa nyasi na vipande vya suruali yake. Ndiyo, suruali.

Kiu ilipombana akageukia bunduki. Vichaka vilikwisha kung'oa vizibo zamani. Wenyeji, maskini, walikuwa na vibuyu tu.