Ukitaka Takwimu Ziingie Bajetini, Anzia Mikumi

Kazi hii haina sare wala mhuri. Hutadunga mtu sindano, hutapima damu, na shangazi yako atauliza kila sikukuu unafanya nini hasa huko Kilosa. Mjibu bila kumung'unya maneno: "Shangazi, watafiti wamekwishajua kinachoua watoto wetu. Mimi nahakikisha wanaogawa fedha nao wanajua." Asipoelewa, mpandishe basi la Mikumi.

Pale Mikumi barabara zenyewe zitamweleza. Ukitoka Morogoro, ukishavuka hifadhi na kuingia mjini, kushoto ni njia ya Kidatu mpaka Ifakara, ambako Waswisi walijenga maabara ya utafiti mwaka 1957 na ambako Taasisi ya Afya Ifakara ilizaliwa. Kulia ni njia ya Kilosa, ambako madiwani hukaa na kupitisha bajeti. Utafiti uko kushoto, fedha ziko kulia. Anayetaka kazi hii akubali kula vumbi la pande zote mbili.

Kabla hujafungua mdomo mbele ya kiongozi yeyote, nenda zahanati ukasome vitabu vya MTUHA, yaani daftari rasmi za wagonjwa. Wasalimie, omba ruhusa, kaa kwenye benchi, usijifanye mkaguzi. Utaona mistari ya kalamu ya bluu: jina, umri, kijiji, ugonjwa, dawa. Muuguzi aliyezalisha usiku ndiye huyo huyo anayejumlisha hesabu za mwezi. Akikosea, msaidie kujumlisha. Kumkaripia hakusahihishi kitabu.

Halafu kumbuka kwamba aliyefia nyumbani hayumo kitabuni. Ndiyo maana tangu mwaka 1992 kulikuwa na mradi uliotuma watu nyumba kwa nyumba Morogoro Vijijini, Hai na Dar es Salaam, wakikaa na wafiwa na kuuliza kwa upole marehemu aliumwaje. Mimi nauheshimu sana mkeka ule wa msibani. Takwimu nyingi zilizookoa watu katika mkoa wa Morogoro zilianzia hapo.

Zilipofika mezani ndipo mambo yalipobadilika. Katika miaka ya 1990 Wizara ya Afya, ikishirikiana na shirika la Kanada la IDRC, iliendesha mradi wa TEHIP katika wilaya za Rufiji na Morogoro Vijijini, hii ya pili ikiwa jirani kabisa na Kilosa. Timu za afya za wilaya zilionyeshwa michoro miepesi: haya ndiyo magonjwa yanayoua, hivi ndivyo fedha zinavyokwenda. Malaria ilikuwa ikichukua karibu asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyopotea, na ikipewa asilimia 5 tu ya bajeti. Mtu hahitaji shahada kuona kwamba hapo pana kasoro. Wilaya zikapanga upya, kwa nyongeza ambayo haikufika dola moja kwa kila mkazi kwa mwaka. Rufiji, kati ya 1999 na 2000, vifo vya watoto wachanga vilishuka kutoka 100 hadi 72 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hai. Kariri namba hizo. Utazihitaji siku utakapoambiwa kwamba utafiti ni kazi ya kujaza makabati.

Utahitaji takwimu pia kupambana na dhana. Kwa miaka mingi wazazi walilaumiwa kwamba mtoto akishikwa na degedege la malaria wanamkimbiza kwa mganga wa kienyeji. Utafiti wa Rufiji wa 1999 hadi 2001 ulifuatilia waliokufa kwa malaria, ukakuta karibu wanne kati ya watano walikuwa wameanzia kwenye tiba ya kisasa. Walikuja kwetu, wakafa. Kwa hiyo swali la kuuliza bajetini ni kama dawa ilikuwepo, na kama mgonjwa alifika mapema. Mahubiri dhidi ya waganga hayajibu hilo.

Sasa diwani. Mwite Mheshimiwa, muulize habari za kata yake, usikilize majibu. Kilosa na Mikumi ni majimbo mawili ndani ya halmashauri moja, na kila upande unaona mwenzake anapendelewa. Wa Kidodi zungumza naye habari za wakulima wa miwa. Anayetoka kwa wafugaji wa Parakuyo anza na ng'ombe. Homa ya Bonde la Ufa ilipoupiga mkoa wa Morogoro mwaka 2007, mifugo na watu waliugua pamoja, kwa hiyo nenda na bwana mifugo. Acha asilimia ofisini, sema "watoto watatu kati ya kumi." Karatasi iwe moja. Ukimpa kurasa mia mbili, umemnyima habari.

Na uje wakati wake. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, lakini mipango huandikwa miezi mingi kabla. Ukileta matokeo yako Juni, hata yawe bora namna gani, fedha zimeshagawanywa.

Miradi huisha, magari yenye nembo huondoka, na wilaya hubaki na michoro isiyo na mtu wa kuisoma. Kilosa inamhitaji atakayebaki. Kama ni wewe, fika Oktoba, na anzia zahanati.