Namna ya Kumtoa Mgeni Asiyepiga Hodi

Songwe tuna msimu mmoja wa mvua, Novemba hadi Aprili, kwa hiyo siku za mgeni huyu zinajulikana. Huingia usiku, akaoga kwenye masufuria yako, akalala kwenye godoro lako, na asubuhi akaondoka bila kuaga. Kazi ya kufuta nyayo zake ni yako.

Anza na umeme. Zima swichi kuu ukiwa umesimama pakavu. Kama kuifikia ni mpaka ukanyage maji, iache, toa watoto nje, piga simu TANESCO.

Halafu tope. Najua macho yako yako kwenye sofa, lakini tope likiwa bichi hutoka kwa koleo na fagio. Likikauka litataka sururu, na sururu haichagui kati ya tope na sakafu. Kuta usizikaushe kwa jiko la mkaa. Tofali la udongo likikaushwa haraka hupasuka, na hewa ya mkaa kwenye chumba kilichofungwa huua watu wamelala. Fungua madirisha, uvumilie.

Sasa gunia la mahindi, hapo ndipo roho inapouma. Juu ni kavu kabisa. Chini, rangi imekolea kiasi cha shubiri moja. Ingiza mkono hadi kwenye kiwiko: utakuta joto, kama chini ya kuku anayeatamia. Punje zimeanza kuchipua, ukungu umeshaingia. Mama mwenye nyumba atasema, "Tuanike, tupeleke mashineni, sembe haionyeshi ilikotoka." Mjibu kwa heshima zote: hapana, mama. Ukungu huo huweza kuzaa sumukuvu, na sumukuvu haiishi kwa kuosha wala kwa kusonga ugali. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Tena maji yaliyolilowesha gunia yalipita vyooni kwanza. Lifukie lote, hata kuku wasionje. Nimeona watu wakilia juu ya shimo la namna hiyo, na sikuwaona wajinga. Lile lilikuwa jasho la mwaka mzima.

Maji ya kisima yachemshe mpaka yatokote. Kipindupindu hakingoji ukauke.

Bado mfereji. Kila mtu wa Tunduma akishika jembe huyaelekeza maji upande wa chini, na upande wa chini kuna mlango wa mtu. Kabla hujachimba, nenda kwa jirani huyo, piga hodi, mchimbe pamoja hadi kwenye karavati la barabara. Mkifika, inameni mchungulie ndani. Mtakuta chupa za plastiki, viatu vya kandambili, mabua, na mchanga umejaa hadi juu. Toeni vyote, mvirundike mbali na ukingo, na mpatane siku ya kurudi hapo Oktoba, ardhi ikiwa bado kavu.