Nchi Nzima, Isipokuwa Ruiru

Duka moja la magodoro pale Thika limeandika mlangoni kwa rangi nyekundu: Countrywide Delivery. La jirani, lisikubali kupitwa, likabandika Nationwide. Juzi nikalipia godoro, nikasema naishi Ruiru. Muuzaji akakuna kichwa. "Ruiru upande gani, bosi? Huko bodaboda unajilipia."

Kumbe kaunti zote 47 zimo kwenye bango, ila Ruiru, iliyo Kiambu kama Thika yenyewe, umbali wa matatu moja tu, ni ng'ambo. Katiba ya 2010 inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa, lakini wenye maduka wanachagua Kiingereza; "kote nchini" wangeiandika, mteja angeielewa, kisha angeidai. Godoro nililibeba kichwani hadi steji. Makanga akalitoza nauli ya watu wawili.