Wema wa Mtoto, Miguu ya Mama

Wataalamu wa malezi wanatuambia tusiwahubirie watoto wema, tuutende tu, wao wataiga. Kwamba wataiga, hilo halina ubishi. Mwaka 1961 Albert Bandura wa Chuo Kikuu cha Stanford aliwaonyesha watoto wa chekechea mtu mzima akimtwanga makonde mdoli mkubwa wa kujazwa upepo. Walipoachwa na mdoli yule, wengi wakamshukia kwa staili ileile, wengine hadi maneno ya mpigaji wakayarudia. Hao waliiga ngumi. Mimi ninaye wa miaka 6 anayeiga wema kwa kasi hiyohiyo, na miguu yangu inamjua.

Yote yalianzia kwenye daladala ya Mbagala. Siku hiyo nilimpisha bibi mmoja kiti mbele ya mwanangu, nikajiona mama wa mfano. Tangu hapo, kila nikipata siti, tena siti ya kugombania, ya kutanguliza mkoba dirishani, yeye anakagua waliosimama.

“Shikamoo bibi, njoo ukae hapa. Mama atasimama.”

Mama atasimama! Yeye hasimami, anahamia mapajani kwa bibi na wanapiga stori mpaka Mtoni. Juzi bibi aliposhuka, kabla sijainama nikae, tayari mwanangu alishamwita kijana mmoja wa kifua kipana aliyekuwa anasinzia huku kaning’inia kwenye bomba. “Kaka, wewe umechoka.” Kaka hakubisha. Konda, ambaye kwa kawaida hana huruma na mtoto yeyote wa nauli ya mwanafunzi, akamtazama mwanangu kwa heshima: “Mama, huyu akimaliza shule nipe mimi. Anapanga abiria kuliko mpiga debe.”

Lakini huenda si kuiga tu. Mwaka 2006 watafiti Felix Warneken na Michael Tomasello walichapisha utafiti uliofanyika Ujerumani. Mtu mzima anaanika nguo, kibanio kinamdondoka, anajinyoosha hakifikii. Watoto wa miezi 18, ambao hata kutembea bado ni kwa kuyumbayumba, walimwokotea bila kuombwa wala kuahidiwa pipi. Nikiwaza hayo naanza kushuku kwamba wema wanakuja nao wenyewe. Tunachowafundisha sisi kwa vitendo ni mahali pa kuishia: huyu mpe, huyu mwambie chenji hakuna, huyu mkaribishe kwa mdomo tu.

Hiyo ya mdomo ndiyo iliyotuponza. Ijumaa moja tuko mkekani, wali na kuku, mlango wazi kwa ajili ya joto. “Hodi!” Mkono wangu, bila kunishauri, ukalizamisha paja la kuku chini ya wali. Mlangoni kasimama mzee anayekusanya pesa za taka, mtu ambaye mtaa mzima ukiona kofia yake hukumbuka dharura sokoni. Nikasema kinachosemwa: “Karibu chakula, baba.” Naye, muungwana, akajibu kinachojibiwa: “Ahsante mwanangu, nimetoka kula sasa hivi.” Biashara hiyo kwa watu wazima ilikuwa imekwisha.

Mwanangu akainuka, akarudi na jagi na beseni. Akamshika mzee mkono, akammiminia maji taratibu, vidole mpaka kiganja, kama anavyoona baba yake akiwafanyia wageni. Sasa mtu akishanawa utamwambia nini? Mzee akavua viatu, akaketi upande ule ule wa sinia nilikozika paja. Tonge la kwanza wali mtupu. La pili akagusa kitu, akatabasamu, akalifukua. “Eeh, kumbe humu kuna hazina!”

Alipomaliza alitushukuru kwa dua ndefu, akajifuta mikono, kisha akatoa kitabu cha risiti. Miezi mitatu. Nikaanza kumweleza hali ya mwisho wa mwezi, na naamini nilikuwa naeleza vizuri, mpaka mwanangu aliponionea huruma.

“Mama, usihangaike. Zile zilizo kwenye kopo la unga si zinatosha?”

Zilitosha, na ikabaki mia tano.

Mzee sasa ni mgeni wetu wa kudumu, na hodi zake huangukia saa ya kula. Mwanangu hajapunguza ukarimu hata kidogo: jagi, beseni, “karibu babu”, yote yako palepale. Ila siku hizi, akisikia hodi tu, kabla hajakimbilia maji, kwanza anazika nyama upande wake.