Sambusa ya Nyama ya Ujiji
Sambusa ya nyama ni kitafunwa cha pembe tatu kilichojazwa, kwa sehemu kubwa, hewa safi ya ziwani. Matayarisho ya nyumbani huanza na manda: unga wa ngano hukandwa, husukumwa hadi uwe mwembamba, hupashwa kwenye kikaango cha chapati, kisha hukatwa. Ujazaji ndio unaotaka kipaji. Kitunguu hutangulia, nyama hufuata, kiasi cha kulinda jina tu. Dagaa waliojaa mwaloni Kibirizi hawatiwi, maana wangeonekana. Pembe huzibwa kwa uji mzito wa unga, kwa uangalifu mkubwa, hewa isije ikapotea. Wayahudi, katika vitafunwa vyao vya rugelach vya umbo la hilali, hupaka jamu na kunyunyiza lozi karibu hadi ukingoni. Ubadhirifu wa kusikitisha.

Mlaji hapaswi kuwa na papara. Stanley alitembea miezi kutoka Bagamoyo ndipo akamkuta Livingstone Ujiji hiyohiyo, mwaka 1871. Meli ya Liemba ilizamishwa 1916, ikaopolewa 1924. Anayelalamika baada ya kutafuna mara mbili hajui historia ya mkoa wake.

Ndimu hutolewa bure.